Siku ya Kupiga Picha Si Siku ya Kuomba: Namna ya Kuandaa Tukio la Faragha katika Filamu

Maria Schneider alikuwa na umri wa miaka 19 alipoigiza katika Last Tango in Paris, filamu iliyotoka mwaka 1972. Katika tukio moja mhusika wake anabakwa na mwanamume anayeigizwa na Marlon Brando, aliyemzidi Schneider kwa takriban miaka 28, na katika tukio hilo siagi inatumika. Tendo lenyewe lilikuwa la kuigiza. Hata hivyo, mwaka 2007 Schneider alieleza kwamba aliarifiwa muda mfupi tu kabla ya kupigwa picha, kwamba alihisi amedhalilishwa, na kwamba machozi yanayoonekana katika filamu yalikuwa machozi yake mwenyewe. Mwongozaji, Bernardo Bertolucci, alikiri mwaka 2013 kwamba habari ya siagi alimficha kwa makusudi, kwa kuwa alitaka aitikie kama msichana, si kama mwigizaji.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya kinyume cha hayo, hatua kwa hatua, tangu muswada hadi picha zinapohifadhiwa. Kanuni inayobeba kazi yote ni moja, nayo ni kwamba siku ya kupiga picha si siku ya kuomba. Kila mguso, kila vazi litakalovuliwa na kila sehemu ya mwili itakayoonekana, viwe vimezungumzwa, vimekubaliwa, vimeandikwa na kufanyiwa mazoezi kabla kamera haijafunguliwa. Jambo ambalo halikufika mezani kabla ya siku hiyo halifiki kitandani siku hiyo.

Kazi hii ilikotoka

Kwa miongo mingi waigizaji waliopewa matukio ya mapenzi waliachwa wajitafutie njia wenyewe. Pambano la upanga lilikuwa na mwalimu wake, ngoma ilikuwa na mwalimu wake, gari lililopinduka lilikuwa na mratibu wa michezo ya hatari, lakini watu wawili waliovuliwa nguo mbele ya watu 40 waliambiwa "anzeni tu, tutaona itakavyokuwa". Nchini Marekani, Tonia Sina aliandika tasnifu kuhusu upangaji wa matukio ya namna hiyo jukwaani mwaka 2006, na mwaka 2016 yeye, Alicia Rodis na Siobhan Richardson wakaanzisha chama cha wataalamu wa kazi hiyo. Nchini Uingereza, Ita O'Brien alitunga kanuni zake za kufanyia kazi matukio ya faragha, ambazo baadaye zilitumika katika tamthilia kadhaa za televisheni.

Jambo lililosukuma mlango ni wimbi la wanawake waliojitokeza Oktoba 2017 kueleza waliyotendewa katika tasnia ya filamu. Baada ya hapo Emily Meade, mmoja wa waigizaji wa tamthilia ya The Deuce, aliwaomba waajiri wake wa HBO, kampuni ya televisheni ya Marekani, wamlete mtu wa kusimamia matukio yake ya faragha. Aliletwa Alicia Rodis, na Oktoba 2018 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kila tamthilia yake yenye matukio ya aina hiyo itakuwa na mtaalamu wa namna hiyo. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kilitoa viwango vya kazi hiyo mwaka 2020, na mkataba wake wa mwaka 2023 unawataka watayarishaji wafanye juhudi za dhati kumwajiri mratibu pale penye utupu au tendo la ndoa la kuigiza. Mtaalamu huyu nitamwita mratibu wa matukio ya faragha, ingawa kwenye seti nyingi watu watamwita mratibu tu.

Ondoa tafsida katika muswada

Kazi huanza kwenye karatasi, na hapa ndipo sisi tunaotunga kwa Kiswahili tunapojikwaa kuliko wengine. Lugha yetu ni ya stara. Mahakamani tunasema waliingiliana, gazetini walikutana kimwili, nyumbani walilala pamoja, na mtunzi anayeona haya zaidi huandika kwamba kilichofuata kinaeleweka. Kwa mtazamaji tafsida ni adabu, na mara nyingi ni sanaa bora kuliko kuonyesha. Kwa kikosi cha kazi ni hatari. Mwigizaji anayesoma "wanazama katika mapenzi" huona akilini busu moja na taa inayozimwa; mwongozaji huona migongo miwili, shuka na dakika tatu; mtu wa mavazi haoni chochote, kwa hiyo siku ikifika hana chochote mkobani. Wote watatu wamesoma sentensi moja, na anayelipia tofauti hiyo ni yule atakayekuwa kitandani.

Kungwi anapomfunda mwali hutumia wimbo na fumbo, lakini fumbo hilo hulifumbua papo hapo na kila kitu hukitaja kwa jina lake, kwa sababu mahali pale ni pa kazi hiyo na waliopo ndio wanaohusika. Chumba cha maandalizi ya filamu kinahitaji ujasiri huohuo. Acha tafsida ibaki kwenye skrini. Kwenye karatasi ya kazi andika wazi.

Chukua kila tukio na ulivunje liwe vitendo. Badala ya "Juma na Asha wanashindwa kujizuia", andika hivi: Asha ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni. Juma anasimama mbele yake, anaweka kiganja cha kulia juu ya bega lake la kushoto, juu ya nguo. Wanabusiana midomo ikiwa imefumbwa, kwa hesabu ya nne. Asha anafungua vifungo viwili vya juu vya shati la Juma. Kamera iko nyuma ya Juma, na kifua chake hakionekani. Kata. Maandishi ya aina hii hayana utamu wowote kuyasoma, na hivyo ndivyo yanavyotakiwa kuwa.

Wakati wa kuvunja, uliza swali ambalo waandishi hawalipendi: baada ya tukio hili, ni kitu gani kimebadilika katika hadithi? Ikiwa jibu ni kwamba sasa tunajua wanapendana, na tulikuwa tukijua hivyo tangu kipindi cha pili, basi mlango uliofungwa na viatu viwili nje vinatosha. Uzoefu wa kusoma miswada unaonyesha kwamba matukio mengi hupungua yenyewe baada ya swali hilo, na yanayobaki huwa na sababu ambayo mwigizaji anaweza kuishika na kuiigiza.

Usidhani orodha yako inaishia kwenye kitanda. Weka ndani yake busu, kuoga, kujifungua, uchunguzi wa hospitalini, kunyonyesha, kuchaniwa nguo katika ugomvi, dansi ya kubambiana, na zaidi ya yote tukio la kubakwa, ambalo linahitaji mratibu wa mapambano na mratibu wa faragha wakae pamoja. Wapo watayarishaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoamini kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa filamu yenye utupu haiwezi kupata kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania wala kupita kirahisi kwenye Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Ni kweli kwamba masharti ya bodi ni lazima uyajue kabla ya kuandika, maana ni upuuzi kumvua mtu nguo kwa ajili ya picha itakayokatwa. Lakini bodi hukagua kinachoonekana. Haikagui mkono ulipita wapi chini ya kanga wakati kamera ilikuwa usoni. Tukio ambalo watu wote wamevaa nguo kamili linaweza kumuumiza mwigizaji kuliko lile lenye mgongo wazi lililopangwa vizuri.

Kuhusu umri hakuna mjadala. Mtu aliye chini ya miaka 18 haigizi tukio la faragha, hata kama mama yake ameridhia, hata kama ni busu la utani. Kagua kitambulisho chenyewe, usitegemee neno la wakala. Na hata mwigizaji mwenye umri wa miaka 25 anayeigiza mwanafunzi anahitaji tahadhari, kwa sababu sheria na bodi vinaweza kutazama umri wa mhusika.

Mazungumzo, na tatizo la neno "haya"

Tangazo la kutafuta waigizaji liseme mapema kwamba nafasi hii ina tukio la faragha na la kiwango gani. Katika usaili wa kwanza hakuna atakayeombwa avue nguo wala abusu mtu. Kinachopimwa hapo ni uigizaji, na uigizaji hupimwa kwa maneno na macho. Anayedai kwamba lazima auone mwili kwanza, amuone mwigizaji akiwa na vazi la kuogelea, mbele ya watu wawili au zaidi, kwa taarifa iliyotolewa kabla, na bila picha kuondoka chumbani.

Baada ya kuchaguliwa, kila mwigizaji azungumze na mratibu peke yake. Si pamoja na mwenzake, na si mbele ya mwongozaji. Sababu ni rahisi kwa yeyote aliyelelewa na desturi zetu: kijana aliyemwamkia mwongozaji shikamoo asubuhi hawezi kumwambia hapana adhuhuri. Ataitikia "sawa, mzee", ataitikia "tutajaribu", ataitikia "haya". Neno hili la mwisho lina mtego wake, maana katika Kiswahili "haya" ni kukubali na "haya" ni kuona aibu, na anayelitamka akiwa ameinamisha macho huenda anasema yote mawili kwa wakati mmoja. Mratibu asilihesabu kuwa ridhaa.

Namna ya kuuliza huamua namna ya kujibiwa. Swali "huna shida na busu, sivyo?" limeshajijibu. Swali "katika tukio hili, ni wapi mwenzako anaweza kukugusa, na ni wapi asiguse kabisa?" linamlazimu mtu kuchagua, na anayechagua amepewa nafasi ya kukataa bila kulitamka neno la kukataa. Mratibu anaweza pia kutumia mchoro wa mwili wa binadamu, mbele na nyuma, ambao mwigizaji anautia rangi: kijani pa ruhusa, njano pa kuulizana kwanza, nyekundu pa marufuku. Kwa mtu anayeona taabu kutaja sehemu za mwili mbele ya asiyemzoea, kalamu ni rahisi kuliko ulimi. Mwigizaji hatakiwi kueleza sababu ya alama nyekundu. Huenda ni dini, huenda ni kovu la upasuaji, huenda ni jambo alilofanyiwa utotoni. Vyovyote iwavyo, si la kuulizwa wala kusimuliwa kwa wengine.

Swali la mume, mke au mchumba litajitokeza, na ni afadhali lijitokeze mapema. Mwenzi wa mwigizaji haridhii kwa niaba yake wala hakatai kwa niaba yake, lakini mwigizaji akiomba siku mbili akazungumze nyumbani, apewe siku mbili bila kununiwa.

Mwongozaji naye ana mazungumzo yake na mratibu. Aeleze anachokitaka kwa picha: nani ana nguvu katika tukio hili, nani anaanza, ni haraka au polepole, mtazamaji atoke akiwa amehisi nini. Mratibu hachukui kazi ya uongozaji. Anapokea nia, anapokea mipaka, kisha anatafuta vitendo vinavyotimiza nia bila kuvuka mipaka.

Pale ambapo hakuna mratibu aliyesomea kazi hiyo, na katika vikosi vyetu vidogo mara nyingi hayupo, usimpe mtu cheo asichokuwa nacho. Mteue mtu mzima mwenye busara, asiye mwongozaji, asiye mtayarishaji, asiye jamaa wa mwigizaji yeyote, umpe mamlaka ya kusimamisha kazi, na mamlaka hayo uyatangaze mbele ya kikosi kizima. Kisha punguza tukio lifike kiwango ambacho mtu huyo anaweza kukisimamia. Busu, kukumbatiana na mlango unaofungwa vinamtosha. Utupu na tukio la kubakwa vinahitaji mtaalamu, na kama bajeti haimudu mtaalamu, haimudu tukio.

Kiambatisho cha mkataba

Yaliyokubaliwa yaandikwe katika kiambatisho cha mkataba kwa lugha ambayo mwigizaji anaielewa vizuri. Kwa wengi wa wasomaji wa mwongozo huu hiyo ni Kiswahili, si Kiingereza cha mwanasheria. Kiambatisho kitaje vitendo, sehemu za mwili zitakazoonekana na zisizoonekana, mavazi, matumizi ya mwigizaji mbadala wa mwili, yaani mtu anayeonyesha mwili wake badala ya mwigizaji, na matumizi ya picha nje ya filamu yenyewe. Kanuni za SAG-AFTRA zinataka mwigizaji akipate angalau saa 48 kabla ya wakati wake wa kuripoti kazini, ili asitie saini akiwa chumba cha urembo na gari limeshawashwa. Ni kipimo kizuri cha kuiga popote.

Kipengele cha picha nje ya filamu husahaulika, nacho kina uchungu wa pekee katika zama za YouTube. Kuna waigizaji waliokubali tukio la sekunde nane ndani ya filamu ya saa moja na nusu, kisha wakaamka na kukuta sekunde moja kati ya hizo nane ndiyo picha ya jalada, imeandikwa kwa herufi nyekundu, imesambaa katika makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima. Andika wazi kama picha hiyo inaweza kutumika kwenye jalada, bango, tangazo au mitandao, na kama haijaandikwa, hairuhusiwi.

Mwigizaji anaweza kubadili nia hata baada ya kutia saini, kabla ya picha kupigwa. Hapo mtayarishaji ana njia tatu: kulibadili tukio, kumtumia mbadala wa mwili kama kiambatisho kinaruhusu, au kuliacha. Kumbembeleza si njia ya nne.

Mazoezi

Waongozaji wengine hulalamika kwamba mpangilio unaua hisia. Hakuna hata mmoja wao anayewakabidhi waigizaji mapanga yenye makali na kuwaambia wahisi tu. Kwa nini basi hisia za ugomvi ziweze kupangwa na za mapenzi zisiweze? Mwigizaji anayejua mkono wa mwenzake utatua wapi na utaondoka lini ndiye anayeweza kuuacha uso wake ufanye kazi. Asiyejua, sehemu ya akili yake inalinda mwili, na kamera huona ulinzi huo.

Mazoezi hufanywa katika chumba chenye staha, watu wakiwa na nguo zao za kawaida, mratibu na mwongozaji wakiwapo. Waigizaji huanza kwa kuonyeshana mipaka: mmoja anauliza "naweza kukugusa hapa?", mwenzake anajibu, mkono unatua, unaondoka. Kisha vitendo hupangwa kwa hesabu, kama ngoma: pumzi moja, mkono unapanda kwa hesabu ya tatu, kichwa kinageuka kulia, kituo. Wakati wa kupanga hakuna haja ya kubusiana kila mara. Viganja viwili vikigusana vinashika nafasi ya midomo hadi mwendo ukae. Anayekuwa juu abebe uzito wake kwa viwiko na magoti, na kati ya nyonga zao kuwe na mto mwembamba au mpira laini uliopunguzwa upepo, ambao kamera haiuoni kwa sababu shuka limeufunika na pembe imechaguliwa kwa ajili hiyo.

Mengi kati ya yale ambayo mtazamaji huapa kwamba ameyaona hayakutokea. Busu zito lilikuwa kisogo kilichosogea polepole. Miguno ilirekodiwa wiki tatu baadaye studio, kila mwigizaji kwa siku yake. Kidole kilichokaza shuka kilipigwa peke yake, na mwenye kidole alikuwa akifikiria chakula cha mchana. Mpiga picha ashirikishwe katika mazoezi ya mwisho, kwa kuwa lenzi ndefu iliyowekwa mbali huwapa waigizaji nafasi ya kupumua, na pembe nzuri huokoa vazi zima lisivuliwe.

Mpangilio ukikamilika huandikwa, nakala moja abaki nayo mratibu, na tangu hapo haubadilishwi na mtu mmoja peke yake, hata akiwa nyota wa filamu.

Mavazi ya stara

Idara ya mavazi iandae nguo za ndani zisizo na mshono unaoonekana, vibandiko vya chuchu, mfuko wa kusitiri kwa wanaume, kipande cha kubandika kwa wanawake, na kikinga cha silikoni au sponji cha kuweka kati ya vazi na vazi pale nyonga zinapokaribiana. Kila mwigizaji awe na vyake, vipya, viwili viwili au zaidi, na visitumiwe na mwingine. Vazi linaloitwa la rangi ya mwili dukani, mara nyingi ni rangi ya mwili wa Mzungu. Lichovye katika chai ya rangi iliyokolea au kahawa, ukague mbele ya taa za kazi, urudie hadi lifanane na ngozi ya atakayelivaa. Utepe wa kubandika kwenye ngozi uujaribu kwa kipande kidogo mkononi siku moja kabla, uone kama unaleta vipele. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa gundi huyeyuka kwa jasho ndani ya dakika chache, kwa hiyo ngozi ifutwe ikauke, feni iwashwe kati ya mikupuo, yaani kila kamera inapozimwa kabla ya kurudia tukio, na utepe ubanduliwe kwa mafuta ya nazi, usivutwe.

Usafi hauna haja ya maelezo marefu. Waigizaji waoge, wapige mswaki, wasile kitunguu mchana huo, wasijipulizie manukato mazito. Mwenye kidonda mdomoni amwambie mratibu asubuhi, na busu liahirishwe bila kutangazwa sababu.

Siku yenyewe

Panga tukio hili lisiwe la kwanza asubuhi ya siku ambayo waigizaji wamekutana, wala la mwisho usiku wa manane wakati kila mtu amechoka na maamuzi mabaya ni rahisi. Seti ifungwe. Abaki mwongozaji, mpiga picha, anayefuata umakini wa lenzi, mtu wa sauti akihitajika, mtu mmoja wa mavazi, mmoja wa urembo, na mratibu. Majina yao yaandikwe na waigizaji wayaone kabla. Dereva, mpishi, mfadhili aliyekuja kutembea na binamu wa mtayarishaji wakae nje, na mfadhili ndiye atakayekuwa mgumu kuliko wote, kwa hiyo aelezwe siku moja kabla. Simu zote ziingie katika mfuko mmoja mlangoni, hata ya mwongozaji. Monita iwe moja, imegeuzwa au imefunikwa, na picha isirushwe kwenye skrini za vyumba vingine.

Kabla ya kila mkupuo mratibu humuuliza kila mwigizaji kwa sauti ya chini kama mambo yako vilevile. Kuwe na neno la kusimamisha ambalo haliwezi kuchanganywa na maneno ya muswada; "simama" linafaa, isipokuwa mhusika naye analitamka. Likitamkwa na yeyote, kila kitu kinasimama, na hakuna anayeuliza kwa nini kabla watu hawajasitiriwa. Mwongozaji anapotamka "kata", mtu wa mavazi awe ameshanyanyua kanga au joho la taulo. Sekunde kumi za mwigizaji kukaa bila nguo huku watu wakijadili taa hazina sababu yoyote ya kikazi.

Hatari kubwa ya siku hiyo huja kwa sauti ya upole. Mkupuo wa tano umekuwa mzuri, mwongozaji amepata wazo, anasogea na kusema, "Shusha kamba kidogo tu." Neno "kidogo" limewaponza wengi. Wazo jipya linapitia kwa mratibu, na kama ni mguso au sehemu ya mwili isiyokuwamo kwenye kiambatisho, kazi inasimama, watu wanavaa, kila mwigizaji anaulizwa faraghani, na mabadiliko yanaandikwa na kutiwa saini. Ikionekana kwamba utaratibu huo ni mrefu mno kwa saa hiyo, basi tukio linapigwa kama lilivyopangwa. Kamera pia isiwashwe kimyakimya wakati wa majaribio, kwa kisingizio kwamba mazoezi huwa na uhalisia zaidi.

Pongezi zitolewe kwa lugha ya kazi. "Mwendo wa mkono umekaa vizuri" ni sifa ya uigizaji. Neno lolote kuhusu mwili wa mtu, hata la kusifu, halina nafasi humo ndani.

Baada ya kata ya mwisho

Mwili haujui kwamba ulikuwa ukiigiza. Mapigo ya moyo yalipanda kweli, pumzi zilibadilika kweli, na baada ya tukio la ukatili mikono inaweza kutetemeka kwa saa nzima. Waigizaji wapewe dakika chache za kuachana na wahusika wao: wengine hupeana mkono na kutajana kwa majina yao halisi, wengine hunawa uso, wengine huvuta pumzi tatu pamoja na kuondoka bila neno. Mratibu awapigie simu siku ya pili, kwa kuwa yaliyomezwa mbele ya watu hujitokeza usiku.

Picha ghafi za tukio zihifadhiwe kwenye diski yenye nywila, na orodha ya wanaoweza kuifungua iwe fupi. Mhariri apewe kiambatisho, si picha tu, maana mkupuo ambao kanga iliteleza kwa bahati mbaya huonekana kwake kuwa ndio mzuri kuliko yote. Mikupuo isiyotumika yenye utupu ifutwe kwa tarehe iliyoandikwa katika mkataba, pamoja na nakala zake, na mtu mmoja atie saini kwamba amefuta. Tukio likishahaririwa, mwigizaji alione kabla ya uzinduzi, katika chumba kitulivu, akiwa na mtu anayemtaka yeye, ili siku ya uzinduzi ajue ni dakika ya ngapi atakapotoka nje kidogo, na kama mama yake ameketi safu ya pili, aamue mapema watoke pamoja au atoke peke yake.